Benki Iliyofilisika Ikiwa Tajiri

Kitendawili!

Tega!

Ana mali ya dola bilioni 639, anadaiwa dola bilioni 613, na amefilisika.

Naona mnakuna vichwa. Mtoto yeyote anayejua kutoa atawaambia kwamba 639 ukiondoa 613 inabaki 26, na mwenye bilioni 26 kibindoni hatumwiti fukara. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. New York siutaki kwanza, nitaufikia baadaye. Nipeni Rimpar, kijiji cha Bavaria kusini mwa Ujerumani, na mwaka nipeni 1844.

Duka la Montgomery

Rimpar aliishi mfanyabiashara wa ng'ombe, Myahudi, jina lake Abraham Lehmann. Zama hizo Wayahudi wa Bavaria walibanwa na sheria zilizohesabu hata kaya zao. Kila mahali paliwekwa idadi ya familia za Kiyahudi zilizoruhusiwa, na kijana aliyetaka kuoa na kuanza maisha yake alingoja mpaka nafasi ipatikane. Mmoja wa wana wa Abraham, Hayum, kijana wa miaka ishirini na kidogo, hakungoja. Alipanda meli akavuka Atlantiki, na huko Marekani jina lake likageuka akawa Henry Lehman.

Alipiga kambi Montgomery, katika jimbo la Alabama, mji uliokaa kando ya mto ambako meli za mvuke zilipakia pamba kuelekea pwani. Akafungua duka la mahitaji ya kila siku: vitambaa, vyombo, mbegu, zana za shamba. Mwaka 1847 mdogo wake Emanuel alimfuata. Mwaka 1850 akaja wa tatu, Mayer, na biashara ikaitwa Lehman Brothers, yaani ndugu Lehman. Jina hilo lilidumu kwa miaka 158.

Sasa sikilizeni jinsi duka la vitambaa linavyogeuka kuwa benki. Wateja wa ndugu hawa walikuwa wenye mashamba ya pamba, na mwenye shamba la pamba hushika fedha mara moja kwa mwaka, mavuno yakishauzwa. Miezi mingine ana mahitaji lakini taslimu hana. Ndugu Lehman wakakubali kulipwa kwa pamba. Marobota yakaanza kulundikana, wakayauza, wakagundua kwamba pamba inalipa kuliko vitambaa. Tena aliyeleta pamba aliwapa faida mara mbili: kwanza waliponunua robota lake, kisha yeye alipotumia malipo hayohayo kununua bidhaa zao.

Shikeni jambo moja hapa, litatufaa mbele. Aliyekopeshwa alikuwa akiingia dukani kwa miguu yake mwenyewe. Walijua shamba lake liko wapi, mvua imenyesha kiasi gani, na mwaka jana alilipa au aliwazungusha. Mkopeshaji na mkopaji walitazamana usoni.

Lipo jambo la pili, nalo siwezi kulificha kwa sababu tu nyinyi bado wadogo. Pamba ile haikuvunwa na wenye mashamba makubwa. Ilivunwa na watumwa. Sensa ya mwaka 1860 ilihesabu watumwa zaidi ya 430,000 katika jimbo la Alabama peke yake, karibu nusu ya watu wote wa jimbo, na kumbukumbu za sensa hiyohiyo zinaonyesha kwamba Mayer Lehman naye alimiliki watu saba. Utajiri wa kwanza wa nyumba hii ulitoka kwenye migongo ya watu ambao hawakulipwa hata senti moja.

Pamba ya majimbo hayo ya kusini ilifika mbali kuliko mnavyodhani. Sehemu yake ilikwenda kwenye viwanda vya Massachusetts, ikafumwa kuwa kitambaa kigumu cha rangi ya pamba, kikapakiwa kwenye merikebu na kushushwa Unguja. Kutoka hapo misafara ilikibeba hadi Tabora na Ujiji. Hicho ndicho kitambaa ambacho babu zetu walikiita merikani. Kwa hiyo mtu wa Ujiji aliyejifunga merikani mwaka 1855 huenda alijifunga jasho la mtumwa wa Alabama, bila yeye kujua na bila mtumwa yule kujua.

Kutoka pamba hadi karatasi ya pamba

Mwaka huohuo wa 1855 homa ya manjano ilimuua Henry akiwa New Orleans. Alikuwa na miaka 33. Waliobaki wakapiga hesabu: pamba inalimwa Alabama, lakini wanunuzi na fedha viko New York. Mwaka 1858 Emanuel alifungua ofisi namba 119, barabara ya Liberty, kusini mwa kisiwa cha Manhattan. Mayer akabaki Montgomery kulinda chanzo.

Mwaka 1861 vita vikalipuka. Majimbo ya kusini yalijitenga ili kuulinda utumwa, na mji mkuu wao wa kwanza ukawa Montgomery yenyewe. Mayer alisimama upande wa kusini. Serikali ya kaskazini ikazifunga bandari, pamba ikakosa njia ya kutokea, na hata Unguja merikani ikaadimika. Mwaka 1865, majeshi ya kaskazini yalipokaribia, pamba iliyokuwa kwenye maghala ya Montgomery ilitiwa moto na watu wa kusini wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Vita vilipokwisha watumwa walikuwa huru, na ndugu wawili wakaanza upya, safari hii makao yakiwa New York.

Mwaka 1870 walikuwa miongoni mwa walioanzisha soko la pamba la New York. Soko hilo halikuwa kama gulio mnalolijua, la marobota chini na wapigadebe juu. Watu waliuziana mikataba. Leo nakubaliana nawe bei ya pamba nitakayokupa miezi sita ijayo, pamba ambayo wewe hujaiona na pengine haijapandwa. Mikataba ya namna hiyo ina faida yake, maana mkulima anajua mapema atapata nini. Lakini angalieni kilichotokea: biashara ilianza kwa robota linaloshikika, sasa inakwenda kwa karatasi inayolitaja robota.

Kuuza vipande vya kampuni

Mwaka 1887 Lehman Brothers iliingia kwenye soko la hisa la New York. Hapo ndipo ilipoelekea kuwa benki ya uwekezaji. Benki ya namna hii si ile ambamo mama anaweka mshahara wake. Ungekwenda na elfu kumi zako kufungua akaunti, wangekuonyesha mlango kwa adabu. Kazi yao ni kumkutanisha mwenye shughuli na mwenye fedha. Tuseme mtu ana kampuni nzuri na anataka kuikuza. Benki ya uwekezaji inaigawa kampuni hiyo katika vipande vidogo viitwavyo hisa, inatafuta watu wa kuvinunua, kisha inachukua ujira wake. Au inamtengenezea hatifungani, ambayo ni hati ya deni: nikopeshe leo, kila mwaka nitakupa riba, na baada ya miaka kadhaa nitakurudishia chote.

Emanuel alikuwa na mwana, Philip, na Philip alikuwa na rafiki, Henry Goldman wa kampuni ya Goldman Sachs. Mwaka 1906 wawili hao waliuza hisa za Sears, Roebuck, kampuni ya Chicago iliyowauzia wakulima bidhaa kwa njia ya posta. Mkulima alisoma orodha ya bidhaa akiwa nyumbani, akaagiza, mzigo ukamfikia kwa treni. Mabenki makubwa ya wakati huo yaliyadharau maduka. Wao walipenda reli na viwanda vya chuma, vitu vizito unavyoweza kuvigonga kwa fimbo. Philip na Goldman waliangalia kitu kingine: wateja wanaorudi kila mwaka na faida inayoingia kila mwaka. Wakaonekana wana akili. Mwaka 1912 walifanya vivyo hivyo kwa maduka ya Woolworth.

Mwana wa Philip, Robert, alishika usukani mwaka 1925 na hakuuachia mpaka alipofariki mwaka 1969. Alikuwa mpenzi mkubwa wa sanaa, na mkusanyo wake wa michoro na vitu vya kale, zaidi ya 2,000, uko mpaka leo katika jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York. Binamu ya baba yake, Herbert, mtoto wa Mayer, aliiacha benki akaingia kwenye siasa. Alikuwa gavana wa jimbo la New York kuanzia mwaka 1933 hadi 1942, kisha akaongoza shirika la kimataifa lililowasaidia mamilioni ya watu waliotawanywa na Vita vya Pili vya Dunia. Alipokufa Robert, hakuna Lehman mwingine aliyekikalia kile kiti.

Katika miaka hiyo yote ya familia benki iliendeshwa kwa ubia. Maana yake ni kwamba hasara ikitokea, wabia wanaigharamia kwa mali zao wenyewe. Mtu wa namna hiyo hukagua mara mbili kabla hajatia saini.

Wageni ndani ya nyumba

Baada ya familia kuondoka, ndani ya benki kulikuwa na makundi mawili. Kundi la kwanza ni washauri, watu wa suti nzuri waliokula chakula cha mchana na wakuu wa makampuni. La pili ni madalali, waliokaa mbele ya simu wakinunua na kuuza hati kutwa nzima. Mwenyekiti Pete Peterson, aliyewahi kuwa Waziri wa Biashara wa Marekani, alikuwa wa kundi la kwanza. Lewis Glucksman alikuwa wa kundi la pili. Mwaka 1983 Glucksman alimsukuma Peterson nje. Ugomvi ukaidhoofisha nyumba, wabia wakaanza kutaka fedha zao, na mwaka 1984 Lehman ikauzwa kwa American Express kwa dola milioni 360.

Miaka kumi ilikaa chini ya mwenye nyumba mwingine. Mwaka 1994 ikaachiliwa isimame peke yake tena, hisa zake zikiuzwa kwa yeyote mwenye fedha, na kiongozi wake akawa Richard Fuld, dalali aliyeingia hapo mwaka 1969 akiwa kijana. Fuld alikuwa mkali na hakupenda kushindwa. Septemba 11, 2001, majengo mawili ya World Trade Center yaliposhambuliwa, makao makuu ya Lehman yaliyokuwa jirani yaliharibika na mfanyakazi wake mmoja akauawa. Wafanyakazi walihamia hoteli, vyumba vya kulala vikageuzwa ofisi, na masoko yalipofunguliwa siku chache baadaye Lehman ilikuwa kazini. Watu wakasema hii ni nyumba isiyokufa. Sifa ya namna hiyo ni tamu, na mwenye kusifiwa hivyo anaweza kuiamini.

Gunia la machungwa

Sasa twende kwenye nyumba, za kulala watu. Mmarekani wa kawaida hununua nyumba kwa mkopo wa miaka 30. Zamani benki iliyomkopesha ilingoja marejesho yake mwezi kwa mwezi, kwa hiyo ilimchunguza vizuri: una kazi gani, mshahara kiasi gani, una madeni mengine? Kisha ikaja mbinu nyingine. Anayetoa mkopo anauuza palepale kwa benki ya uwekezaji. Benki ya uwekezaji inakusanya maelfu ya mikopo, inaichanganya, inaikata upya, na kuuza hati zake duniani kote. Marejesho ya yule mwenye nyumba wa Florida yanakwenda kwa mfuko wa wastaafu ulioko bara jingine.

Fikirieni gunia la machungwa. Muuzaji amechanganya mazuri na mabovu, akapanga mazuri mdomoni mwa gunia. Mnunuzi hana nafasi ya kumimina gunia zima, anaangalia muhuri wa mkaguzi. Na mkaguzi analipwa na muuzaji. Ndivyo ilivyokuwa: kampuni zilizopima ubora wa hati hizo zililipwa na mabenki yaliyozitengeneza, na hati nyingi zikapewa alama ya juu kabisa.

Kwa kuwa kila mkopo ulipata mnunuzi, watoaji wa mikopo waliacha kuuliza maswali. Watu wenye kipato kidogo walikopeshwa nyumba kubwa, na baadhi yao hawakutakiwa hata kuonyesha hati ya mshahara. Riba ilianza ndogo, ikapanda baada ya miaka miwili au mitatu. Wote walitegemea jambo moja: kwamba bei za nyumba zitapanda daima, hivyo anayeshindwa kulipa atauza na kubaki na chenji. Lehman ilizama humo kuliko karibu wenzake wote. Ilinunua kampuni zinazotoa mikopo hiyo, na nyingi ya hati na majengo ikabaki nayo yenyewe. Mwaka 2007 ilitangaza faida ya dola bilioni 4.2, kubwa kuliko zote katika historia yake.

Ilipata wapi fedha za kununua vyote hivyo? Ilikopa. Mwishoni mwa mwaka huo, kwa kila dola 1 ya mtaji wake, ilikuwa imeshika mali za karibu dola 31. Tupige hesabu kwa shilingi. Una 1,000 zako, unakopa 30,000, unanunua mali ya 31,000. Bei ikipanda kwa asilimia 10, mali inakuwa 34,100. Ukilipa deni unabaki na 4,100, na elfu yako imezaa mara nne. Mtaani unaitwa fundi wa fedha. Lakini bei ikishuka kwa asilimia 4 tu, mali inakuwa 29,760. Deni la 30,000 halijapungua hata kidogo. Elfu yako imekwisha, na bado unadaiwa 240.

Tena mikopo yenyewe mingi ilikuwa ya usiku mmoja. Jioni Lehman inaweka hati zake rehani na kupewa taslimu, asubuhi inarudisha, jioni inakopa tena. Mabilioni ya dola, kila siku ya kazi. Nyumba inalipwa kwa miaka 30, lakini fedha iliyoinunulia hati yake inatakiwa kesho asubuhi. Mambo hayo yanakwenda mradi tu kila jioni yupo mtu anayesema, sawa, nakuamini.

Wikiendi ya Septemba

Bei za nyumba Marekani zilifika kileleni mwaka 2006, zikaanza kuteremka. Wenye riba zilizopanda wakashindwa kulipa, wakajaribu kuuza, wanunuzi hawapo. Hati zikaanza kunuka. Machi 2008 benki jirani, Bear Stearns, iliyokuwa na ugonjwa huohuo, iliporomoka, na ikanunuliwa kwa bei ya kutupa na JPMorgan kwa msaada wa Benki Kuu ya Marekani. Kila mtu akauliza: anayefuata ni nani?

Macho yakaigeukia Lehman. Juni ikatangaza hasara ya dola bilioni 2.8. Baadaye, mwaka 2010, mchunguzi aliyeteuliwa na mahakama alitoa ripoti ya kurasa zaidi ya 2,000, akaeleza ujanja uliokuwa ukifanyika: hesabu za robo mwaka zilipokaribia kufungwa, benki ilikuwa inahamisha mali za mabilioni kwa siku chache, kama kwamba imeziuza, ili madeni yaonekane madogo, kisha inazirudisha. Katikati ya mwaka 2008 zilizohamishwa hivyo zilifika kama dola bilioni 50.

Fuld alitafuta mwenye mtaji. Mazungumzo na benki ya maendeleo ya Korea Kusini yakavunjika, na Septemba 9 hisa za Lehman zikapoteza karibu nusu ya thamani yake kwa siku moja. Ijumaa ya Septemba 12 Waziri wa Fedha, Henry Paulson, na mkuu wa tawi la Benki Kuu la New York, Timothy Geithner, waliwaita wakuu wa mabenki makubwa. Walikutana katika jengo la Benki Kuu, namba 33, barabara ya Liberty, ileile ambako Emanuel alifungua ofisi miaka 150 kabla. Paulson aliwaambia kwamba safari hii fedha ya serikali haipo, watafute njia wenyewe.

Wanunuzi walikuwa wawili. Bank of America ilizitazama hesabu, ikageuka na kuinunua Merrill Lynch badala yake. Barclays ya Uingereza ilikuwa tayari, lakini mamlaka za London hazikukubali kuiondolea masharti ya sheria zao, maana ziliogopa kuupokea mzigo wa wengine. Jumapili jioni njia zikawa zimekwisha. Usiku wa kuamkia Jumatatu, Septemba 15, 2008, yapata saa nane kasorobo, mawakili wa Lehman Brothers waliwasilisha mahakamani maombi ya ufilisi, makubwa kuliko yote yaliyowahi kutokea Marekani.

Haya, sasa kitendawili kimeteguka. Zile bilioni 639 zilikuwa hati za mikopo, majengo na ahadi za watu wengine, vitu ambavyo huwezi kuviuza leo jioni kwa bei uliyoiandika kwenye daftari lako. Na bei ile iliandikwa na Lehman wenyewe, wakati wanunuzi walikuwa wameacha kuiamini. Zile bilioni 613, kwa upande wake, zilikuwa za kweli, na sehemu kubwa ilidaiwa sasa hivi. Siku wakopeshaji wa jioni walipokataa, utajiri wa kwenye karatasi haukuweza kulipa hata deni la asubuhi.

Moshi unafika mbali

Asubuhi hiyo, New York na London, wafanyakazi walipigwa picha wakitoka na vitu vyao kwenye maboksi. Benki ilikuwa na watu wapatao 25,000. Barclays iliichukua sehemu ya Marekani pamoja na jengo. Nomura ya Japani ikachukua sehemu za Asia na Ulaya.

Jumanne yake mfuko wa akiba ulioitwa Reserve Primary, ambao watu waliuona salama kama kuweka fedha benki, ulitangaza kwamba kila dola iliyowekwa humo sasa ina thamani ya senti 97, kwa sababu ulikuwa umeikopesha Lehman. Watu wakakimbilia kutoa fedha zao kwenye mifuko mingine pia. Siku hiyohiyo, licha ya serikali kusema haina fedha, Benki Kuu iliikopesha kampuni ya bima ya AIG dola bilioni 85. Mpaka leo wataalamu wanabishana. Wakuu wa Benki Kuu wanasema Lehman haikuwa na dhamana ya kutosha na sheria iliwafunga mikono. Wapinzani wao wanauliza mbona ya AIG iliwezekana. Oktoba 3 ikatiwa saini sheria ya dola bilioni 700 za kuyanusuru mabenki. Mwaka mmoja baadaye, Mmarekani mmoja katika kila kumi waliotaka kazi hakuwa nayo.

Hong Kong, maelfu ya watu wa kawaida, wakiwemo wazee waliostaafu, waligundua kwamba hati walizouziwa na benki za mtaani kwao zilikuwa zimefungamana na Lehman, jina ambalo wengine walikuwa hawajawahi kulisikia. Wakaingia barabarani kuandamana.

Na huku kwetu? Dunia iliposimama, viwanda vilipunguza ununuzi, na bei za mazao zikaanguka. Tanzania, kampuni na vyama vya ushirika vilivyokuwa vimenunua pamba na kahawa kwa bei ya juu vilijikuta na mzigo usiouzika kwa bei hiyo. Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kunusuru uchumi, na sehemu yake ilikuwa ya kufidia hasara hizo. Mkulima wa pamba wa Shinyanga hakukopa nyumba Florida, wala hakuwa na hisa New York, lakini moshi ulimfikia.

Hakuna kiongozi wa Lehman aliyefungwa jela. Fuld aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akahojiwa vikali, kisha akaenda nyumbani. Kesi za kugawana mabaki ziliendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria mpya, na mabenki makubwa ya dunia yakatakiwa kuwa na mtaji wao wenyewe mwingi zaidi na fedha taslimu za kutosha kuvuka siku mbaya.

Wanangu, wapo watakaowaambia kwamba benki hii iliangushwa na tamaa, na tamaa kweli ilikuwepo. Lakini tamaa ilikuwepo hata mwaka 1850, tena mbaya zaidi, ya kuvaa na kula kwa jasho la watumwa. Kilichobadilika upande wa mikopo ni umbali. Henry alimkopesha mtu anayemjua, kwa fedha yake. Warithi wa jina lake walimkopesha mtu wasiyemjua, kupitia watu wasiowajua, kwa fedha ya watu wengine, na hapakuwa na hata mmoja katika mnyororo mzima aliyekuwa na sababu ya kwenda kupiga hodi kwenye ile nyumba.

Mtakua, mtashika fedha, na mtu aliyevaa vizuri atakuja kuwashawishi mziweke mahali. Msimuulize kwanza faida ni asilimia ngapi. Muulizeni maswali matatu: anayekopa mwisho wa mnyororo ni nani, atalipa kwa kipato gani, na wewe unayetukusanyia fedha hizi, ulizokopa mwenyewe unatakiwa kuzirudisha lini? Akijibu matatu hayo bila kuzunguka, kaeni chini mzungumze. Akishindwa hata moja, mpeni chai, kisha msindikizeni mlangoni.